Kilometa 34 za Munama mpaka Kipushi, tafadhali zisiachwe ziliwe

Bwana Mhariri, jambo sana, na jambo kwa wasomaji wote.

Hapa Lubumbashi siku hizi ukifungua redio ni Lobito, ukifungua simu ni Lobito, wakubwa wakihutubia ni Lobito. Mimi sipingi hata kidogo. Ile reli ya Benguela, inayotoka bandari ya Lobito, ina zaidi ya kilometa 1,300 ndani ya Angola, iliungana na reli yetu ya Katanga tangu 1931, ikalala miaka na miaka juu ya vita, na leo inapitisha tena shaba yetu mpaka baharini, hilo ni jambo kubwa na tushukuru. Lakini naomba nafasi kwenye gazeti niongee juu ya reli ingine, ndogo, iko hapa hapa mlangoni kwetu na sioni mutu anaiongelea. Ni lile tawi linalotoka Munama, kusini ya mji, mpaka kwenye mgodi wa Kipushi. Kilometa 34 tu. Linaisha polepole mbele ya macho yetu sote, na naogopa siku watakapokuja kweli kulifufua watakuta hakuna hata mahali pa kulaza taruma moja.

Kwa wasiopajua, Kipushi iko kama kilometa 30 kusini-magharibi ya Lubumbashi, mpakani kabisa na Zambia, mgodi wenyewe hauko mbali na mpaka hata kilometa moja. Na reli kubwa, ile ambayo tawi letu linazaliwa kwake, njo ile iliyotoka Afrika ya Kusini ikapanda Rhodesia, ikavuka pale Sakania na kufika hapa, wakati ule Elisabethville, tarehe 27 Septemba 1910. Upana wake ni milimita 1,067 kati ya chuma na chuma, kipimo kile kile cha nchi zote za kusini, njo maana behewa likipakiwa hapa linaweza kutelemka mpaka Durban bila kushusha mzigo njiani. Tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ikatoka kwenye tanuru ya Lubumbashi, mawe yakiwa yametoka Étoile, kule Kalukuluku.

Kipushi ilikuja nyuma kidogo. Mababu walikuwa wanachimba shaba pale zamani, mbele ya muzungu yeyote, na watafutaji madini wa kampuni ya Waingereza, Tanganyika Concessions, wale waliozunguka Katanga kuanzia 1899 chini ya George Grey, kazi yao kubwa ilikuwa kufuata mashimo ya mababu, tusisahau hilo tunapoandika historia. Mwaka 1924 Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, ikaanza kuchimba, kwanza juu ya ardhi, 1926 wakaingia chini. Wakauita mgodi Prince Léopold, jina ambalo wazee wengine bado wanalo mdomoni. Na kwa sababu mawe ya Kipushi ni mazito na mwaka 1924 hakuna kamyo ingeweza kazi ile, mgodi ule bila reli haungekuwa mgodi. Kwa hiyo miaka ile ile ya 1920 chuma kikalazwa.

Angalia kilichotoka pale. Kati ya 1925 na 1993 walichimba kama tani milioni 60 za mawe, na ndani yake wakapata tani milioni 6.6 za zinki na tani milioni 4 za shaba. Kati ya 1956 na 1978 wakatoa tena tani 278 za germanium, madini ambayo wakati ule wachache walijua ni ya nini na leo dunia inayatafuta kwa ajili ya nyaya za intaneti na vioo vya kuona usiku. Kwanza yalisafiri mawe yenyewe, baadaye mchanga wa madini uliokwisha kuoshwa kulekule Kipushi. Shaba ilikuja tanuruni hapa mjini, zinki ikapanda kaskazini kuelekea Likasi na Kolwezi. Kilometa 34 zile njo zilibeba mwanzo wa safari hiyo yote.

Watu wakiniuliza alama gani inabaki ya reli ya Kipushi, mimi nawaonyesha kwanza ule mlima mweusi karibu na chimne kubwa ya mjini. Kila mgeni anaupiga picha, uko kwenye kadi na kwenye kuta za maduka, lakini ni wachache wanajua ulipanda namna gani. Mlima ule ni mabaki ya tanuru. Shaba ya Kipushi ilifika kwa treni, ikayeyushwa, iliyo safi ikaenda Ulaya, mabaki yakamwagwa pale yakiwa moto, siku kwa siku, mpaka ikawa kama tani milioni 14. Ndani yake kulibaki kobalti, zinki na ile germanium, na germanium ile asili yake ni sana sana mawe ya Kipushi. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 wanaula mlima ule upya kutoa kobalti, na mwaka 2024 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikaanza kupeleka nje germanium kutoka pale. Kwa hiyo mzigo ule treni iliyotuletea zamani bado unalisha watu, na njia iliyouleta tunaiacha iote majani. Hilo linaniuma kweli.

Nalijua tawi hili juu baba alikuwa mutu wa kikosi cha njia, wale wa kukaza boloni na kupiga kokoto. Naomba wasomaji wanivumilie hapa kidogo, juu kazi yao haiongelewi kabisa, watu wanakumbuka paka dereva na honi yake. Reli inasimama juu ya kokoto. Kokoto inashika taruma lisitembee, na kazi yake ya pili, kubwa kupita ile ya kwanza, ni kuacha maji yapite. Udongo wetu wa Katanga ule mwekundu ukilowa unakuwa laini kabisa, mnaujua. Ukiacha majani yaote katikati ya kokoto, mizizi inakamata udongo, udongo unakamata maji, maji yanakaa chini ya taruma, na treni nzito ikipita upande mmoja unazama kidogo. Kesho unazama tena. Siku moja gurudumu linaruka. Kwa hiyo mbele ya mvua ya Novemba kikosi kilikuwa na kazi ya kufa na kupona, kufyeka, kuzibua mitaro, kusafisha midomo ya vidaraja vyote vidogo chini ya tuta, kuinua mahali palipolala na kushindilia kokoto tena. Kiisha walitembea kwa mguu wakigonga chuma kwa nyundo, chuma kizima kinalia sauti safi, chenye ufa kinalia kizito, na muzee alikuwa anasikia tofauti hata upepo ukivuma. Jua kali likija waliangalia ile nafasi ndogo kati ya reli na reli, juu chuma kikipata moto kinarefuka, na kisipopata nafasi kinajikunja kando. Elimu hiyo yote ilikaa kwenye vichwa vya watu ambao wengi hawakumaliza hata shule ya msingi, na wengi wamekwisha kufa bila mutu kuwauliza swali moja.

Kufa kwa tawi hakukuja siku moja. Miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, pesa ikaliwa, mashine zikazeeka, Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaanguka kule Kolwezi, 1991 nchi nzima ikaporwa, na 1993 Kipushi ikafungwa. Haikufungwa juu madini yamekwisha, madini yalikuwa tele, kulikosekana pesa na utulivu. Mwaka 2003 ikaja ile depa volontere, kuacha kazi kwa hiari, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines wakaondoka na pesa ya mara moja, na mji wa Kipushi ukavunjika siku ile, nyumba kwa nyumba. Pampu za chini ya ardhi zikaendelea kunguruma miaka yote hiyo ili maji yasiule mgodi, mpaka mwanzo wa 2011 zilipochoka kwa kukosa matengenezo, maji yakapanda mpaka karibu mita 850 kutoka juu. Na tangu mwaka ule ule wa 2011 hakuna treni ilipita kwenye tawi letu. Kwa mimi mambo hayo mawili ni ugonjwa mmoja: pampu na reli zote zinataka mutu wa kuziangalia kila siku, ukimwondoa yule mutu ukisema utaokoa pesa, unalipa mara 10 baadaye.

Leo ukitembea kule utaona nini? Kuna mahali vyuma bado viko, vimelala ndani ya majani marefu, udongo umepanda mpaka unaona kichwa cha reli tu. Kuna mahali boloni zimekwenda, zimefunguliwa moja moja usiku na kuuzwa kwa kilo na vyuma chakavu, na reli bila boloni iko njiani kuondoka yenyewe. Pengine linabaki tuta peke yake, limeinuka kidogo kupita mashamba ya mahindi, limenyooka namna njia ya mguu hainyooki kamwe, na ukikwaruza nyasi kokoto ya zamani inatokea. Vidaraja vya simenti chini ya tuta vingine vingali vinapitisha maji vizuri kabisa. Wenye baiskeli za makala wanapenda sana kupita pale juu, na wana akili, juu wajenzi wa zamani walikata vilima na kujaza mabonde ili treni nzito isichoke, sasa jasho lile la 1920 na kitu linamsaidia kijana anayesukuma magunia matatu kwenda mjini. Mimi kila nikiona vile nasema hii njia haijafa, watu wanaitumia, imebadilisha tu wapitaji.

Linalonitisha ni parsele, viwanja vya kujenga. Karibu na mji watu wamekwisha kujenga ukingoni mwa reli, wengine juu ya tuta lenyewe, na sio wote wezi. Mama anauza nyanya miaka, anaweka pesa pembeni, anakuja mutu na karatasi yenye mhuri anamwambia hapa ni pa serikali lakini tumekwisha kupagawa, analipa, anajenga nyumba yake ya matofali ya kuchoma. Siku mashine ikija, yule muuzaji hayupo, mama njo atavunjiwa. Kila mwezi unaopita bila alama ya mpaka ni nyumba zingine tutakazokuja kuzililia.

Na tusiseme kwamba reli ikifa itarudi tu siku moja yenyewe. Nchi hii imekwisha kutuonyesha. Kule Kivu kulikuwa na reli ya Uvira mpaka Kamanyola, kilometa 94, ilifunguliwa 1931 ikafungwa 1958, haijarudi mpaka leo, na wengi wakisikia Kamanyola wanakumbuka vita ya Mobutu ya 1964, hawajui kama palikuwa mwisho wa reli. Kule magharibi reli ya Boma kwenda Tshela, kama kilometa 140, iliyoanza kujengwa tangu 1898, ilifungwa 1984, vyuma vikang'olewa. Miaka 40 imepita, watu wa Mayombe bado wanaiomba. Sisi wa Kipushi tuna bahati ambayo wale hawakupata: mgodi wetu umefunguliwa tena.

Ndiyo, Oktoba 2017 kampuni ya Ivanhoe, yenye mradi wa mgodi, na SNCC, shirika la reli la taifa, waliweka sahihi kwenye makubaliano ya kutengeneza upya hizi kilometa 34, kutoka mgodi mpaka Munama. Tulifurahi sana. Mwaka 2024 mgodi ukaanza tena kutoa zinki, baada ya miaka 31. Lakini mzigo ulitoka kwa makamyo. Sasa tupige hesabu pamoja. Mradi ulipangwa kutoa wastani wa tani 278,000 za zinki kwa mwaka katika miaka 5 ya kwanza. Zinki haisafiri peke yake, inakwenda ndani ya mchanga wa madini ambao zinki yake inapita nusu kidogo tu, kwa hiyo weka mzigo wa tani 500,000 hivi. Kamyo moja tuseme inabeba tani 30. Hizo ni safari zaidi ya 16,000 kwa mwaka, zaidi ya 40 kila siku ya Mungu, na kamyo ikienda lazima irudi, kwa hiyo ni zaidi ya mara 80 kwa siku gari kubwa inapita karibu na watoto wanaotoka shule, na pikipiki zenye watu watatu, na wamama wa soko, vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua. Mzigo ule ule kwa treni ya mabehewa 25, kila behewa tani 40, ni treni moja ao mbili kwa siku. Hesabu hiyo haihitaji mutu wa chuo kikuu.

Kuna rafiki aliniambia, reli ni pesa nyingi, barabara inatosha, kamyo zinatoa kazi kwa madereva na kwa wenye garaji. Namuelewa, hata kwetu kuna mutu anakula juu ya kamyo. Lakini barabara nayo inaharibika, na anayelipa kuitengeneza ni sisi wote, na hakuna reli inayomaliza kazi za makamyo, juu kutoka shambani na sokoni mpaka stesheni mzigo bado utahitaji gari. Halafu ngoja niseme wazi, sitaki reli ya zinki peke yake. Kama wataifufua, waweke na mabehewa mawili ya watu, asubuhi na jioni. Mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha hapa mjini, mwenye wazazi Kipushi, mgonjwa anayekuja hospitali ya mjini, mama mwenye mafurushi yake, hao wote leo wanabanana kwenye taksi-bisi na bei inapanda kila mafuta yakikosekana. Ardhi ilipochukuliwa kupitisha reli ile mababu hawakuulizwa, basi mara hii wajukuu wapate hata kiti.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mamlaka ya jimbo, wa reli, na wa ardhi, ni dogo na haliko ghali. Mbele ya kuongea mamilioni ya dola, tumeni wapima watembee kutoka Munama mpaka Kipushi, wapande mawe ya mpaka pande zote mbili, waandike nani amejenga wapi na kwa karatasi ya nani, na kuanzia siku hiyo asiuziwe mutu tena kiwanja pale. Waliokwisha kujenga kwa imani nzuri watafutiwe mahali pengine mapema, sio usiku wa kuamkia tingatinga. Na wakati wapima wanatembea, wachukue pamoja nao wazee wawili watatu waliobaki wa kikosi cha njia, juu wao wanajua kidaraja gani kinaziba, mahali gani panazama, mahali gani maji ya kilima yanakatiza, vitu ambavyo haviko kwenye ramani yoyote.

Na wenzangu wa Kipushi na wa kampi za reli, ninyi mlio na vitu vya wazee nyumbani, taa za mkono, nyundo, funguo za boloni, daftari za zamu, picha za kikosi, msiviuze kwa kilo. Pelekeni Musée hapa mjini ao mpige picha na kuandika nyuma ni nani na ni mwaka gani, maana wajukuu wataviuliza na hatutakuwa na jibu.

Kama kuna msomaji ndani ya ofisi husika anasoma barua hii, namuomba jambo moja: mawe ya mpaka yapandwe mbele ya Novemba. Mvua ikianza majani yanafunika tuta lote, na wauzaji wa parsele wanapata miezi mitano ya kufanya wanavyotaka bila mutu kuona reli iko wapi.

Asante kwa nafasi.

Msomaji wenu, mwana wa Kipushi,
Lubumbashi